Uzi: Kinyesi cha tembo kinavyomfuata jangili hadi bandarini

#1 Nyayo za Porini

Wakuu, salaam.

Habari za vinasaba (DNA) na wanyamapori zinazovuma mitandaoni karibu zote ni za kufufua: mnyama aliyetoweka eti karudi, kloni (nakala ya mnyama iliyotengenezwa kwa chembehai zake) kazaliwa, mbwamwitu wa kale kaonekana tena. Kazi ambayo mimi naiona ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi haina makeke hayo. Inaanzia kwenye kinyesi, kwenye unywele uliodondoka, kwenye unga wa jino. Nimefungua uzi huu tuizungumze kazi hiyo, na mniwie radhi nikiwa mrefu, maana jambo lenyewe nalipenda.

Tuanze na meno ya tembo.

Kontena likikamatwa bandarini na tani moja au mbili za meno, karatasi zake zinaeleza lilikopakiwa. Hazielezi tembo wale waliuawa pori gani, na hilo ndilo mkuu wa doria anahitaji kulijua ili apeleke askari mahali panapovuja. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake waliitafuta njia. Kwanza walikusanya kinyesi cha tembo kutoka maeneo mengi ya Afrika, wakasoma vinasaba vyake, wakachora ramani. Jike la tembo hubaki na ukoo wake, na madume hayasafiri kiasi cha kuchanganya bara zima, kwa hiyo baada ya vizazi vingi kila eneo linakuwa na mchanganyiko wake wa alama za kurithi. Ramani ikishakuwepo, jino lisilojulikana linasomwa alama zilezile, kisha hesabu zinatafuta ni eneo gani linafanana nalo zaidi.

Mwaka 2015 walitoa matokeo ya shehena 28 kubwa, kila moja nusu tani au zaidi, zilizokamatwa kati ya 1996 na 2014. Ungetegemea meno yatoke kila kona ya Afrika. Haikuwa hivyo. Tangu 2006 sehemu kubwa mno ilitoka maeneo mawili tu. Meno ya tembo wa savana yalitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani ukanda wa Selous na Niassa. Ya tembo wa msituni yalitoka eneo linalounganisha Gabon, Kongo-Brazzaville na Kamerun, pamoja na kona ya jirani ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Sensa za kuhesabu tembo kutoka angani nazo zilikuwa zinasema hilohilo: tembo wa Tanzania walikuwa kama 109,000 mwaka 2009, ikafika 2014 wamebaki kama 43,000.

Sasa sehemu ambayo mimi ilinishika zaidi. Kupima kila jino ni gharama, hivyo maabara huchagua. Wapimaji hupanga meno na kutafuta jozi kwa rangi, unene na mstari wa ufizi, ili wasimpime tembo mmoja mara mbili. Wakaona meno mengi hayana mwenzake. Walipolinganisha vinasaba vya shehena mbalimbali, mwenzake akapatikana ndani ya shehena nyingine kabisa! Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba shehena zilizogawana jozi zilipitia bandari ileile, zikapishana kwa miezi isiyozidi 10, na tembo wake walitoka maeneo yanayoingiliana. Maana yake mwenye mali ni mmoja. Kwa njia hiyo ikaonekana mitandao mitatu mikubwa ya magendo, ikisafirishia Mombasa, Entebbe na Lomé (Togo).

Mwaka 2022 wakasogea hatua nyingine. Badala ya kutafuta meno mawili ya tembo yuleyule, wakatafuta pia ndugu: mzazi na mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Meno 4,320 kutoka shehena 49 za 2002 hadi 2019. Shehena zilizoonekana hazihusiani zikafungamana. Mtu aliyeshitakiwa kwa kontena moja anaweza sasa kuonekana ni mtu wa makontena mengi, na hilo linabadilisha uzito wa kosa lake.

Nakaribisha maswali na michango.

#2 Kijana wa Maabara

Shukrani mkuu kwa uzi wa shule. Mimi bado nasoma. Kinyesi si chakula kilichosagwa tu? Vinasaba vya tembo mwenyewe vinaingiaje humo, na vinatofautishwaje na vya majani aliyokula?

#3 Nyayo za Porini

Swali zuri, mdogo wangu. Chakula kinapopita utumbo kinakwangua chembehai za ukuta wa ndani. Zinabaki kwenye ule ute unaong'aa juu ya bonge likiwa bado bichi. Ndiyo maana mkusanyaji hachoti katikati. Anakwangua juu, tena upande ambao jua halijapiga, maana jua na joto vinavunja vinasaba haraka. Anatia kwenye kichupa chenye kihifadhi kama ethanoli, anaandika namba, tarehe na mahali, anabadilisha glovu kabla hajagusa bonge la pili. Glovu moja ikitumika kwa mabonge mawili, unapata tembo wa tatu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kutofautisha na majani si shida. Ile njia ya kunakili vinasaba iitwayo PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, inatumia vipande vifupi vya kuanzishia vinavyonata kwenye mfuatano unaoutaka tu. Ukitengeneza vya tembo, vya majani vinapita bila kunakiliwa. Shida halisi ni kwamba kinyesi kina kemikali za mimea zinazozuia PCR isifanye kazi, na vinasaba vyenyewe vimekatikakatika. Kwa hiyo sampuli moja hupimwa zaidi ya mara moja ndipo jibu likubaliwe.

Jino nalo ni kazi yake. Linakatwa kipande kidogo, linasagwa likiwa limegandishwa kwa baridi kali mno, maana kusaga kwa kawaida kunaleta joto, na joto linaharibu kile unachokitafuta.

#4 Jicho la Tai

Mimi nimefanya kazi porini miaka mingi, niseme ukweli wangu. Askari hana buti, gari halina mafuta, halafu fedha zinakwenda kupima mavi. Tembo haokolewi na mashine iliyo mjini. Anaokolewa na mtu aliyesimama kati yake na bunduki.

#5 Nyayo za Porini

Mzee wangu, heshima yako. Sipingi hata neno moja kuhusu buti na mafuta. Hakuna maabara inayomzuia mtu kufyatua risasi.

Ila fikiria lile jibu la maeneo mawili. Bila vinasaba, askari na magari yale machache vinatawanywa sawasawa nchi nzima, kila mahali panapata kidogo. Ukijua pori linalovuja ni lipi, kidogo ulichonacho unakipeleka huko. Kuna pia ushahidi mwingine wa kimaabara unaofanana nao, wa kaboni, unaoonyesha mnyama alikufa lini. Mwaka 2016 mtafiti Thure Cerling na wenzake walipima umri wa meno yaliyokamatwa, wakakuta zaidi ya asilimia 90 yalitoka kwa tembo waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya kukamatwa. Ule utetezi wa "haya ni meno ya zamani yaliyotoka ghalani" ukapungua nguvu. Mauaji yalikuwa ya juzi, na yalihitaji doria ya leo.

Halafu kuna kuhesabu. Sokwe wa milimani, wale gorila wa Virunga na Bwindi, huwezi kuwahesabu kwa ndege, msitu umefunga. Zamani walihesabu viota, kwa sababu gorila hutandika kiota kipya kila usiku na huacha kinyesi humo. Sensa ya Bwindi ya 2006 kwa viota ilitoa gorila 336. Vinasaba vya kinyesi kilekile vikatoa 302. Baadhi walikuwa wametandika zaidi ya kiota kimoja kwa usiku! Tofauti ya 34 kwa mnyama adimu kiasi hicho si ndogo. Sensa zilizofuata zilitumia vinasaba, na jumla iliyotangazwa ni 604 wa Virunga na 459 wa Bwindi, yaani 1,063. Namba hiyo ina uzito kwa sababu gorila walitambuliwa mmoja mmoja kwa vinasaba vyao, au kwa sura zao kwa wale waliozoeshwa watu.

#6 Jicho la Tai

Hilo la viota nakubali, nimewahi kuliona kwa macho. Endelea.

#7 Mama Simba

Asante sana mwanzisha uzi. Naomba utuguse kuhusu simba wa bonde la Ngorongoro. Nasikia wanazaliana ndugu kwa ndugu. Ni kweli? Na kama ni kweli, dawa ni nini?

#8 Nyayo za Porini

Ni kweli, dada, na kisa chake kinaumiza. Mwaka 1962 nzi wang'atao walizidi bondeni, wakawatafuna simba vidonda mwili mzima mpaka wakashindwa kuwinda. Walikuwa kadiri ya 70, wakabaki kama 10. Madume machache yakaingia kutoka nje katika miaka iliyofuata, kisha mlango ukawa kama umefungwa, kwa sababu madume ya bondeni hushiba, huwa na nguvu, na huwafukuza wageni. Idadi ilipanda tena, lakini wote ni uzao wa wachache wale. Watafiti walipowalinganisha na simba wa Serengeti mwaka 1987, wa Ngorongoro walikuwa na aina chache zaidi za jeni na mbegu za kiume nyingi zaidi zenye kasoro. Hatari yake haionekani kwa macho ya mtalii. Simba ni wazima, wanene. Inaonekana siku ugonjwa mpya unapoingia na wote wana kinga inayofanana.

Dawa inayojulikana ni damu mpya. Mfano uliofuatiliwa vizuri kuliko wote ni puma wa Florida, Marekani, paka mkubwa wa mwituni. Miaka ya mwanzo ya 1990 walikuwa wamebaki 20 hadi 30, mikia imepinda, madume mengi korodani hazijashuka, wengine wana kasoro za moyo. Mwaka 1995 yakaletwa majike manane ya puma kutoka Texas. Matano yakazaa. Idadi ikaongezeka kama mara tatu, zile kasoro zikapungua, na watoto waliochanganya damu wakawa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Majike ya Texas yaliyobaki hai yakaondolewa baadaye, kazi yao ikiwa imekwisha.

Lakini huchukui mnyama yeyote ukamtupa popote. Mbuzi-mwitu wa milima ya Tatra, Ulaya, waliwahi kuchanganywa na jamaa zao wa Uturuki na Sinai. Machotara wakaanza kupandana mapema mno, watoto wakazaliwa katikati ya baridi kali, kundi likaisha. Vinasaba vinasaidia hapa kuchagua: mgeni awe tofauti kiasi cha kuleta jeni mpya, lakini asiwe tofauti kiasi cha kuleta majira ya nchi nyingine. Kama siku moja itaamuliwa kuingiza simba Ngorongoro, mimi ningeanzia Serengeti, jirani yao wa damu, nisiende mbali.

#9 Kijana wa Maabara

Na vipi faru weupe wa kaskazini? Huko si ndiko kufufua unakokukataa?

#10 Nyayo za Porini

Sikukatai, mdogo wangu. Nakataa tu kwamba ndiko kuanze kutajwa kila siku.

Sudan, dume la mwisho, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna anayeweza kubeba mimba. Tangu Agosti 2019 madaktari wamekuwa wakivuna mayai, wanayarutubisha maabara nchini Italia kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, viinitete vinagandishwa. Baadaye Najin alipumzishwa, mayai yakawa ya Fatu peke yake. Januari 2024 wakatangaza kwamba kiinitete cha faru mweupe wa kusini, jamaa yao wa karibu, kimepandikizwa na mimba ikashika, kwa mara ya kwanza kwa faru kwa njia hiyo. Mama mlezi alikufa kwa maambukizi ya bakteria, na ndani yake wakakuta kijusi cha kiume cha siku 70. Njia ilionekana inawezekana.

Ila tazama inategemea nini. Inategemea mtu aliyegandisha mbegu na ngozi wakati faru bado wapo. Hivyohivyo kwa kicheche mwenye miguu myeusi wa Amerika Kaskazini. Kabla ya kloni, wote walitokana na saba tu. Mwaka 1988 mtu aligandisha chembehai za jike aliyeitwa Willa, ambaye ukoo wake haukuendelea. Desemba 2020 akazaliwa kloni wake, Elizabeth Ann, baadaye akaja Antonia, naye Antonia amezaa. Jeni zilizokuwa zimepotea zimerudi ndani ya kundi. Huko ndiko kloni inakokuwa na maana: kwa spishi ambayo bado ipo, ili kuipanua. Aliyeweka kichupa kwenye friza 1988 hakuwa na teknolojia ya kukitumia. Alikiweka tu. Spishi ngapi leo hazina hata kichupa kimoja?

#11 Mama Simba

Hilo la friza limenigusa. Na ile ya kupima maji ya mto ukajua kuna nini ndani?

#12 Nyayo za Porini

Ipo, na inakua kwa kasi. Mnyama huacha ngozi, mkojo, ute majini. Mwaka 2008 watafiti Ufaransa walimtambua chura-ng'ombe mvamizi kwa maji ya dimbwi pekee. Mwaka 2022 timu mbili, moja bustani ya wanyama ya Copenhagen na nyingine Uingereza, zilinyonya hewa kwa kichujio zikasoma wanyama waliopo. Inafaa sana kwa mnyama anayejificha. Upungufu wake ni kwamba mto hubeba vinasaba mbali na mwenyewe, na huwezi kujua kama ni hai au mzoga, wala ni wangapi kwa uhakika.

Njia ya jamaa yake imesaidia kwenye magonjwa. Chura wa Kihansi, Tanzania, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, alitoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye bwawa la umeme na kuvu wa ngozi kuingia. Walikuwa wamechukuliwa 499 kupelekwa Marekani kabla hawajaisha, na 2012 wakaanza kurudishwa. Kuvu yule huonekana kwa kumpangusa chura ngozi kwa pamba na kuipima kwa PCR. Mnyama haumizwi.

#13 Wakili wa Pembeni

Nimesoma kimya, sasa niulize la kwangu. Mteja wangu kakutwa na nyama iliyokaushwa. Anasema ya ng'ombe. Maabara inasema ya pundamilia. Na kesi nyingine ya pembe, maabara inasema ni ya faru fulani aliyeuawa. Nikisimama mahakamani nikauliza, "Mna uhakika gani hakuna faru mwingine mwenye vinasaba hivyo?", mtanijibu nini?

#14 Nyayo za Porini

Mheshimiwa, hayo ni maswali mawili tofauti, na yana majibu tofauti.

Nyama ni suala la spishi. Hapo husomwa kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, vile vijisehemu vya chembehai vinavyozalisha nguvu, kilichopendekezwa na mwanabiolojia Paul Hebert mwaka 2003 kiwe kitambulisho cha spishi za wanyama. Nyama hata ikikaushwa au kupikwa, mara nyingi kinasomeka, kwa sababu kila chembehai ina nakala nyingi za mitokondria. Ng'ombe na pundamilia wako mbali mno kiukoo, mteja wako hapo hana pa kujifichia. Kenya imekuwa na maabara ya shirika lake la wanyamapori ya kazi kama hizo tangu 2015.

Pembe ni suala la mnyama mmoja mmoja, na swali lako ni halali kabisa. Jibu ni uwezekano: alama kadhaa zinasomwa, kisha inakokotolewa nafasi ya faru mwingine kufanana kwa zote. Hesabu hiyo ni sahihi tu kama unajua alama hizo ni za kawaida kiasi gani katika kundi lile. Faru wengi ni ndugu, na ndugu hufanana. Ukitumia takwimu za kundi la mbali, unamwonea mshitakiwa. Ndiyo maana hazina ya vinasaba vya faru iliyo Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, ina thamani kubwa hivyo: faru anapokatwa pembe, kuhamishwa au kukutwa amekufa, sampuli yake inaingizwa. Pembe ikikamatwa, au tone la damu kwenye shoka au nguo, lina cha kulinganishwa nacho.

Ningekuwa upande wako, mimi ningehoji mfuko. Nani aliufunga, lakiri ilikuwa na namba gani, ulikaa wapi usiku ule, nani alisaini kuupokea. Naamini kesi nyingi zinadhoofikia hapo kabla maabara haijagusa kitu. Jicho la Tai, hapa ndipo askari wako anaposhinda au kushindwa kesi, na mafunzo yake hayahitaji mashine yoyote.

#15 Jicho la Tai

Kweli kabisa. Tulikuwa tunaweka nyama kwenye kiroba.

#16 Kijana wa Maabara

La mwisho kutoka kwangu mkuu. Sampuli zikishasafirishwa nje ni za nani?

#17 Nyayo za Porini

Kisheria, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Oktoba 2014, inazipa nchi zilizoiridhia haki ya kutoa kibali kabla rasilimali yao ya kijenetiki haijachukuliwa, na kukubaliana namna ya kugawana manufaa. Mfuatano ukishawekwa kwenye kanzidata ya kidijitali, hata bila kichupa, mjadala unakuwa mgumu zaidi, na mazungumzo ya kimataifa kuhusu hilo yanaendelea.

Kiutendaji, zilizobaki nyumbani ndizo utakazoweza kuzipima tena bila kuomba. Siku hizi kuna mashine ya kusoma vinasaba inayoingia mfukoni, imeshatumika hata ndani ya msitu wa mvua Ecuador. Kwa hiyo kisingizio cha vifaa kinapungua kila mwaka. Kinachokosekana ni friza yenye umeme wa uhakika, daftari la kumbukumbu lisilo na mapengo, na ajira ya kudumu ya mtu wa kulitunza. Ukimaliza masomo, omba kazi hiyo.